Ubongo Ukiamua, Mimi Naamua Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hiari

"Hiari" hapa ina maana gani?

Neno hili limebeba mizigo mitatu, na mabishano mengi huzuka kwa sababu mmoja ameshika mzigo huu na mwenzake ule. Kuna hiari ya kila siku: ulitia saini bila kushikiwa panga. Kuna hiari kwa maana ya kujitawala: kupima sababu, kuahirisha tamaa, kushika mpango uliouweka jana. Halafu kuna ile ya wanafalsafa: kwamba katika hali ileile kabisa, na ubongo uleule hadi seli ya mwisho, ungeweza kutenda vingine.

Ya kwanza hupimwa sokoni na mahakamani. Ya pili inapimika maabara, na hospitalini pia. Ya tatu haipimiki kwa chombo chochote, maana hakuna awezaye kurudisha saa nyuma akakuweka tena palepale aone utafanya nini. Kila ukisoma kichwa cha habari "Sayansi yathibitisha hiari haipo", uliza kwanza: ipi kati ya hizi tatu? Vitabu vingine husema "utashi". Katika ukurasa huu maneno hayo mawili ni kitu kimoja.

Kwa nini watu husema ubongo umetupokonya hiari?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.3 hadi 1.4 na seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli hufyatua umeme wake kwa sababu za kikemia: chumvi imeingia, chumvi imetoka, seli jirani imemwaga kemikali yake. Mawazo yanatokana na seli hizo. Seli zinafuata sababu. Basi mawazo nayo yanafuata sababu, na sababu zile zina sababu zake, mpaka unafika kabla hujazaliwa. Uko wapi wewe hapo?

Hoja hiyo ni nzito na haifai kudharauliwa. Lakini mara nyingi hupachikwa mkia usio wake: "kwa hiyo ubongo wako uliamua, si wewe". Mkia huo unadhani kwamba "wewe" ni mpangaji fulani anayekaa ndani ya kichwa, na ubongo ni mwenye nyumba anayemwamulia. Ni sawa na kusema Juma hakukimbia, miguu yake ndiyo iliyokimbia. Ikiwa kupima, kukumbuka na kusita ni kazi za ubongo, basi ubongo unapopima na kusita, anayepima na kusita ni wewe. Swali lenye nyama ni kama kupima huko kunabadilisha kitendo, au ni mapambo yanayokuja mambo yakiwa yameshakwisha. Hapo ndipo jaribio la Libet linapoingia.

Jaribio la Libet lilifanywaje?

Benjamin Libet, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, alichapisha matokeo hayo pamoja na wenzake watatu mwaka 1983. Hakuanzia hewani. Mwaka 1965 Hans Helmut Kornhuber na Lüder Deecke wa Freiburg, Ujerumani, walikuwa wameshaonyesha kwamba umeme unaopimwa juu ya kichwa huanza kuteremka polepole kuelekea upande wa hasi kama sekunde moja au zaidi kabla mtu hajasogeza kidole kwa kutaka kwake. Waliupata kwa ujanja: walirekodi kwenye utepe wa sumaku, kisha wakaucheza utepe kinyumenyume kuanzia pale kidole kiliposogea. Tuuite mteremko huo wimbi la maandalizi.

Libet alitaka kujua nia inaingia wapi. Mshiriki alikaa mbele ya kioo chenye nukta ya mwanga inayozunguka kama mshale wa saa, ila kwa kasi: mzunguko mmoja kwa sekunde 2.56, karibu mara 23 ya mshale wa sekunde. Elektrodi (kidude cha kunasa umeme wa mwili) utosini ilisoma ubongo, nyingine mkononi ikasoma msuli. Maagizo: kunja kifundo cha mkono wakati wowote msukumo ukikujia, usipange mapema, kisha utaje nukta ilikuwa wapi ulipouhisi msukumo huo kwa mara ya kwanza. Mikunjo 40 iliunganishwa kupata wastani mmoja.

Wimbi la maandalizi lilianza takriban milisekunde 550 kabla ya msuli kusisimka. Msukumo uliripotiwa takriban milisekunde 200 kabla. Tofauti: milisekunde 350, theluthi moja ya sekunde, ambamo ubongo ulikuwa kazini na mtu hana habari.

Basi ubongo uliamua kwanza, mtu akaarifiwa baadaye?

Hivyo ndivyo tokeo hilo lilivyosimuliwa kwa miaka karibu thelathini. Usimulizi huo una nyufa kubwa.

Ufa wa saa ni huu. Washiriki walipoulizwa waseme nukta ilikuwa wapi mkono *uliposogea*, wastani wao ulitangulia msuli kwa zaidi ya milisekunde 80. Yaani waliripoti kuwa wamesogea kabla hawajasogea. Mtu anayekosea hivyo kuhusu mkono wake mwenyewe, utamwaminije kwa milisekunde 200 za jambo lisiloonekana? Mwaka 2009 William Banks na Eve Isham walicheza mlio sehemu ndogo ya sekunde *baada* ya mtu kubonyeza kitufe. Mlio ulipocheleweshwa, wakati ulioripotiwa wa kuamua nao ulichelewa. Kwa hiyo ripoti ya nia hutungwa kwa sehemu baada ya tendo, kwa kukisia kutokana na kilichotokea. Si usomaji safi wa saa ya ndani.

Ufa wa pili ni mkubwa zaidi. Wimbi lile huonekana kwenye wastani tu, na wastani huo umekusanywa kwa kuchagua nyakati zilizoishia kwenye kitendo. Mwaka 2012 Aaron Schurger, Jacobo Sitt na Stanislas Dehaene walionyesha kwamba hata ubongo ambao haujaamua chochote utatoa wimbi la namna hiyo ukipimwa kwa njia hiyo.

Chukua daladala inayoondoka ikijaa. Abiria wanapanda, wengine wanachoka kusubiri wanashuka, idadi inapanda na kushuka ovyo. Siku moja inafika kikomo, konda anagonga bati, gari linaondoka. Sasa kusanya safari 40, uzipange zote kuanzia dakika ya kuondoka, urudi nyuma. Kwenye wastani utaona idadi ya abiria ikipanda taratibu kuelekea kuondoka, kana kwamba kuna mtu aliyeamua dakika kumi kabla. Hakuna. Konda aliamua gari lilipojaa. Schurger na wenzake wanasema shughuli za ubongo hupanda na kushuka hivyohivyo, na mtu aliyeambiwa "sogea wakati wowote" husogea mawimbi hayo ya nasibu yanapovuka kikomo. Kwa hesabu yao, uamuzi wenyewe uko karibu zaidi na kitendo, si nusu sekunde nyuma.

Tena, uamuzi wenye maana ulishafanyika mshiriki alipokubali kukaa kwenye kile kiti na kukunja mkono mara 40. Kilichobaki ni *lini*, na kwa "lini" hiyo hakupewa sababu yoyote ya kuchagua sasa badala ya baadaye.

Nimesoma kwamba mashine zinaweza kutabiri uamuzi sekunde 7 kabla. Ni kweli?

Tokeo ni la kweli, usimulizi ndio umetiwa chumvi. Mwaka 2008 kundi la John-Dylan Haynes lilitumia MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ya aina inayofuatilia shughuli za ubongo huku washiriki 14 wakichagua kubonyeza kushoto au kulia. Dalili za chaguo zilipatikana hadi sekunde 7 kabla. Usahihi wake? Karibu asilimia 60, pale ambapo kurusha sarafu kungekupa 50.

Na hiyo 10 ya ziada haina ajabu sana. Binadamu ni mbovu wa kubahatisha: akibonyeza kushoto mara tatu, huhisi sasa ni zamu ya kulia. Uchambuzi uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba ukiangalia machaguo yaliyotangulia peke yake, bila MRI, unaweza kutabiri kwa kiwango kinachokaribiana na hicho.

Lenye nguvu zaidi ni jaribio la Itzhak Fried na wenzake, 2011. Hao walirekodi seli moja moja, 1,019 kwa jumla, kwa wagonjwa 12 wa kifafa waliokuwa na elektrodi ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu. Kwa seli 256 za eneo la kati linaloandaa miondoko, waliweza kutambua kitendo kinachokuja kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 80, milisekunde 700 kabla ya wakati mgonjwa alioutaja. Hilo halifutwi na hoja ya wastani peke yake. Lakini saa iliyotumika ni ileile ya Libet, na kitendo ni kilekile kisicho na sababu.

Na maamuzi mazito, kama kuchagua kazi au mchumba?

Hapa ushahidi ni mchache, ila uliopo unavutia. Mwaka 2019 Uri Maoz na wenzake waliwapa watu chaguo kati ya mashirika mawili ya hisani. Katika raundi fulani chaguo lilikuwa na uzito: liliongeza nafasi ya shirika hilo kupata dola 1,000. Katika nyingine yote mawili yangepata sawa vyovyote utakavyobonyeza. Wimbi la maandalizi lilijitokeza wazi kwenye machaguo yasiyo na uzito. Kwenye yale yenye uzito, halikuonekana au lilikuwa hafifu mno.

Maana yake ni kwamba wimbi lililosemwa limetuondolea hiari ni wimbi la kubonyeza ovyo. Mtu anayeamua kumpeleka mzazi hospitali ya wilaya au ya rufaa hafanyi jambo la aina hiyo.

Je, mtu anaweza kughairi ubongo ukishaanza?

Ndiyo, mpaka hatua fulani. Libet mwenyewe, katika makala ya 1985, alidai kwamba hata kama kuanzisha si kwa nia, kuzuia kunaweza kuwa kwa nia. Mwaka 2016 kundi la Berlin lililoongozwa na Matthias Schultze-Kraft lilipima hilo kama mchezo. Taa ya kijani ikiwaka, mshiriki anakanyaga pedali wakati wowote. Kompyuta inasoma umeme wa kichwa chake, na ikiona wimbi linaanza inawasha taa nyekundu. Akikanyaga baada ya nyekundu, ameshindwa.

Watu waliweza kusimama hata wimbi likiwa limeshaanza, ilimradi taa iwake zaidi ya milisekunde 200 hivi kabla ya mguu kusogea. Baada ya hapo wengi walijikuta wameshaanza kukanyaga. Kwa hiyo wimbi si amri iliyokwisha kutolewa.

Naweza kufanya jaribio la saa mwenyewe, au darasani?

Upande wa saa, ndiyo, na hauhitaji elektrodi. Unahitaji kompyuta, mtu anayeweza kuandika programu fupi, na washiriki wenye subira.

1. Chora duara lenye alama 60 na nukta inayolizunguka kwa sekunde 2.56. Kila alama itakuwa sawa na milisekunde 42.7 hivi.
2. Kila raundi, nukta ianzie mahali tofauti pa nasibu, na iendelee kuzunguka kwa muda wa nasibu baada ya kubonyeza. Ikisimama palepale, itamfichulia mshiriki jibu.
3. Fanya mafungu matatu ya raundi 40. Fungu la kwanza, mlio ulie kwa wakati wa nasibu na mshiriki ataje nukta ilikuwa wapi alipousikia. La pili, abonyeze apendapo na ataje wakati wa kubonyeza. La tatu, abonyeze na ataje wakati alipohisi kutaka kubonyeza.
4. Toa wastani wa makosa ya fungu la kwanza. Hayo ni makosa ya kusoma saa. Kwa Libet, aliyetumia mguso mdogo wa ngozi, yalikuwa kama milisekunde 50. Yaondoe kwenye fungu la tatu.

Mambo yanayoharibu kazi: kibodi isiyo na waya na spika za bluetooth, ambazo huchelewesha ishara kwa kiasi kinachoweza kupita kile unachotafuta, tumia za waya. Kioo cha kawaida cha kompyuta hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo chini ya milisekunde 17 usidai kitu. Washiriki huchagua namba za mviringo (0, 15, 30, 45). Ukiona majibu yamerundikana hapo, wanakisia. Wengine huamua "nitabonyeza ikifika juu", na raundi hizo huna budi kuzitupa. Macho yanayoifukuza nukta nayo hukosea zaidi ya macho yaliyotulia katikati ya duara.

Linganisha fungu la pili na muda halisi wa kubonyeza. Wengi wa washiriki wako watakuwa wametaja muda wa mapema kuliko ukweli. Darasa likiliona hilo kwa macho yake, nusu ya mhadhara imeshaisha.

Na upande wa umeme wa ubongo?

Inawezekana kwa EEG (kifaa kinachosoma umeme wa ubongo kutoka juu ya kichwa) ya bei nafuu, lakini wengi hushindwa kwa sababu moja: kichujio. Wimbi la maandalizi ni la polepole mno. Vifaa vingi vya bei ya chini, vinavyouzwa kwa ajili ya kutafakari au michezo, huchuja kila kilicho chini ya hezi (mawimbi kwa sekunde) 0.5 au 1, na hapo wimbi limekwenda na maji. Tafuta kifaa kinachoruhusu kushuka hadi 0.05 au angalau 0.1.

Elektrodi kuu iwekwe utosini: nusu ya njia kutoka bonde la juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, na nusu ya njia kutoka sikio hadi sikio. Ya marejeo ikae kwenye mfupa nyuma ya sikio. Safisha ngozi, weka jeli, ukinzani ushuke chini ya kilo-omu 5. Wimbi lina mikrovolti 10 hivi, kumbe kupepesa jicho kunaweza kutoa zaidi ya 100, kwa hiyo raundi zenye kupepesa zitupwe. Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya raundi: raundi 40 huipunguza mara 6.3. Raundi 10 hazitoshi kuona kitu.

Nywele zetu ni suala linalorukwa na miongozo mingi. Kofia za EEG zimebuniwa kwa nywele laini, na nywele za kipilipili huinua elektrodi ikapoteza mguso na ngozi. Dawa yake si kunyoa. Suka mistari iliyonyooka, mfano wa twende kilioni, ukipanga njia za ngozi zipite pale elektrodi zitakapokaa, na usipake mafuta siku hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kundi lililomjumuisha Arnelle Etienne lilitengeneza vishikizi vinavyojibana kwenye misuko ya aina hiyo.

Ukichochea ubongo kwa umeme, unaweza kumtia mtu nia?

Unaweza, na hilo ndilo linalopaswa kumfikirisha mtu kuliko Libet. Mwaka 2009 Michel Desmurget na wenzake, Ufaransa, waliripoti wagonjwa 7 waliochochewa ubongo wakati wa upasuaji wa uvimbe, wakiwa macho. Wakichochewa eneo la pembeni nyuma ya utosi, walisema wanataka kusogeza mkono, mguu au midomo. Umeme ulipoongezwa, waliamini wameshasogea, ilhali msuli haukutikisika. Wakichochewa eneo la mbele linaloandaa miondoko, mkono ulisogea kweli na wao wakakana kuwa umesogea.

Kwa hiyo hisia ya kutaka na kitendo chenyewe ni nyaya mbili. Kwa kawaida huenda pamoja. Hisia inaweza kudanganya, lakini tusivuke mpaka: kuweza kumtia mtu njaa bandia hakuthibitishi kwamba njaa zote ni bandia.

Dawa au ugonjwa vinaweza kupunguza hiari?

Vinaweza, na mfano ulio wazi zaidi ni dawa za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ugumu wa kusogea. Pramipexole na ropinirole huiga dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na miondoko na hamu. Baadhi ya wanaozitumia huanza kubeti, kununua ovyo, kula bila kipimo au kuwa na hamu ya ngono isiyo ya kawaida yao, hata mtu aliyekuwa mkali wa pesa maisha yake yote. Katika uchunguzi wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2010, matatizo hayo yalikuwa kwa asilimia 17.1 ya waliotumia dawa za kundi hilo, na asilimia 6.9 ya wasiozitumia.

Kwa familia yenye mgonjwa: angalieni miamala ya simu na nyakati za kulala, na muulizeni waziwazi bila kumtahayarisha, maana wengi huficha. Mkiona dalili, nendeni kwa daktari aliyeandika dawa. Msikatize dawa kwa ghafla. Kukatiza kunaweza kuleta wasiwasi mkali, huzuni na maumivu, mbali na Parkinson yenyewe kurudi kwa nguvu. Daktari hupunguza dozi polepole au kubadilisha, na mara nyingi tabia hutulia.

Kinachopungua kwa mgonjwa huyu ni uwezo wa kusita. Anajua anapoteza, tena anaweza kukueleza hasara yake kwa hesabu. Hapo ndipo unapoona kwamba hiari ya aina ya pili ni kitu cha kweli: usingeweza kukipoteza kama hukuwa nacho.

Sheria inasemaje?

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 9, na ya Tanzania, kifungu cha 10, huanza na wazo kwamba tendo lililotokea bila utashi wa mtu halimtii hatiani. Ugonjwa wa akili una vifungu vyake: 12 Kenya, 13 Tanzania. Vyote vina asili katika kanuni za Uingereza za 1843, zilizotokana na kesi ya Daniel M'Naghten, na kanuni hizo huuliza juu ya *kujua*: je, mshtakiwa alielewa anachofanya, na kwamba hapaswi kukifanya?

Kifungu cha Tanzania kinakwenda hatua moja zaidi. Kinamtaja pia mtu ambaye, kwa ugonjwa unaoathiri akili, hana udhibiti juu ya tendo lake. Mtihani wa kujua usingemwokoa mgonjwa wetu wa Parkinson, maana anajua. Mtihani wa udhibiti ungekuwa na cha kumwuliza. Picha ya MRI peke yake haitoshi. Anayeshtakiwa huchukuliwa kuwa na akili timamu mpaka upande wake uonyeshe vinginevyo.

Fizikia ya kwanta haiturudishii hiari?

Hapana. Fizikia hiyo ya chembe ndogo kabisa husema baadhi ya matukio hutokea kwa nasibu. Lakini ukiambiwa ulimuoa mwenzio kwa sababu chembe fulani ilibahatika kuruka kushoto, je, umekuwa huru zaidi? Bahati nasibu ndani ya kichwa ni bahati nasibu tu.

Hili si suala la kadari ambalo masheikh wamelijadili karne nyingi?

Umbo la hoja ni moja, chanzo ni tofauti. Katika makundi ya kale ya wanazuoni wa Kiislamu, Jabriyya walisema mtu hana tendo lake, Qadariyya na baadaye Mu'tazila wakasema mtu ndiye mwenye tendo lake. Abu al-Hasan al-Ash'ari na wafuasi wake wakaja na *kasb*: Mungu huumba tendo, mja hulichuma, na kwa kulichuma huulizwa. Msimamo huo ndio uliosomeshwa zaidi na wanazuoni wa Kishafi wa pwani yetu. Mwanasayansi wa ubongo haulizi Mungu anajua nini. Anauliza kama hali ya seli ya sasa imefungwa na hali iliyotangulia. Lakini anayesema "tendo lina sababu nje yangu na bado ni langu" ameingia kwenye mtaa ambao Al-Ash'ari aliupita zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Kama kila kitu kina sababu, kwa nini nijisumbue?

Huo ni mtego wa zamani. Wayunani wa kale waliuita hoja ya mvivu: kama nimeandikiwa kupona malaria nitapona, dawa ya nini? Khrisipo, mwanafalsafa wa Kistoa, alijibu kwamba kupona kwako na kumwita tabibu vimeandikwa pamoja. Kumeza dawa ni mojawapo ya sababu. Ukiitoa, umebadilisha mnyororo. Juhudi ni pingili ndani ya mnyororo huo.

Mwaka 2008 jaribio moja lilidai kwamba watu waliosoma maandishi ya kukana hiari walidanganya zaidi kwenye mtihani. Lilisambaa sana. Walipolirudia watafiti wengine kwa washiriki wengi zaidi, tokeo halikuonekana. Usilitegemee.

Kuna mtaalamu anayekana hiari moja kwa moja?

Robert Sapolsky, mwanasayansi wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyechunguza nyani Kenya kwa miongo mingi, ndiye maarufu zaidi leo. Hoja yake haimtegemei Libet. Inategemea homoni, utoto, jeni na utamaduni vilivyomtengeneza mtu. Ana haki kwamba hakuna aliyejichagulia ubongo wake. Tunapoachana naye ni pale anapohitimisha kwamba basi hakuna anayejitawala. Wapo wanaojitawala kuliko wengine, na tofauti hiyo inaonekana.

Uwezo huo unaweza kuongezwa?

Kwa kiasi. Njia iliyothibitishwa vizuri ni mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya vile", uliochunguzwa na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer. Husemi "nitapunguza kubeti". Unaandika: "mshahara ukiingia, kabla sijafungua programu nyingine yoyote nitahamisha kodi ya nyumba kwenye akaunti iliyofungwa." Mapitio ya 2006 ya majaribio 94 yalipata matokeo ya kati hadi makubwa. Taja wakati, mahali na kitendo kimoja. Mipango kumi kwa pamoja hudhoofishana. Mpango wenye neno "nisi-" hufanya vibaya kuliko wenye kitendo mbadala.

Njia nyingine ni kujifunga mapema, ungali na akili tulivu: kuomba kampuni ya kubeti ikuzuie, kumpa mwenzio namba ya siri, kutobeba kadi. Anayefanya hivyo anaitumia hiari yake saa nne asubuhi kwa sababu anajua itakavyokuwa saa tano usiku.

Tokeo gani lingewashawishi kwamba hiari ya kujitawala kweli haipo?

Mtu akae kwenye mashine akiwa na uamuzi unaomgusa. Mashine itabiri chaguo lake kabla hajapewa taarifa zozote. Kisha apewe taarifa, nusu ya watu zinazowavuta huku, nusu zinazowavuta kule, na wapewe muda wa kuzipima. Ikiwa utabiri wa mwanzo utabaki sahihi kwa wote, bila kujali taarifa walizopewa, basi kupima sababu ni mapambo. Majaribio yaliyosifiwa zaidi kwamba yameua hiari yalimpa mtu kitufe tu, na hayakumpa sababu yoyote ya kupima.